Printa haionekani kila umeme ukirudi

SWALI: Printa yetu ya wino inatumia Wi-Fi ya nyumbani. Kila umeme ukikatika na kurudi, laptopu ya Windows huandika "Offline" na kazi zote hubaki kwenye foleni, ingawa taa ya Wi-Fi ya printa inawaka vizuri. Nikiifuta kwenye laptopu na kuiingiza upya inachapa, mpaka umeme ukatike tena. Ninunue nyingine?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usinunue. Taa hiyo isipopepesa, printa imeshaingia kwenye ruta. Kilichobadilika ni anwani. Ruta hukipa kila kifaa namba yake ya IP, na ruta nyingi za majumbani husahau mgawo huo zikizimika. Umeme ukirudi, anayewahi ndiye anayepata. Jana printa ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.8, na laptopu bado inapeleka kazi kwa 5, ambayo pengine sasa ni simu ya mtu sebuleni. Ukiiingiza upya, laptopu huisaka na kuipata pale ilipo leo, ndiyo maana nafuu yake haidumu.

Hakikisha kwanza. Chapa ripoti ya mtandao kutoka kwenye mipangilio ya printa. Kama haina kioo, kijitabu chake kitakuonyesha kitufe cha kubonyeza. Pigia mstari anwani ya IP na anwani ya MAC, ile yenye jozi sita za tarakimu na herufi. Kisha kwenye laptopu fungua "Printer properties", uende "Ports", usome mstari wenye tiki. Namba zikitofautiana, mchawi ndiye huyo. Poti ikianza na WSD namba huwezi kuiona hapo, na poti za aina hiyo ndizo zinazopotea ovyo zaidi, kwa hiyo endelea tu na hatua zifuatazo.

Dawa ni kuitengea printa namba yake kwenye ruta. Fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, anwani yenyewe na nywila kwa kawaida zimebandikwa chini ya ruta. Sehemu ya DHCP, yaani ugawaji wa namba za IP, ina "Address Reservation" au jina linalokaribiana na hilo. Ingiza MAC ya printa na namba isiyotumiwa na kifaa kingine, tuseme 192.168.1.50. Hifadhi, zima printa nusu dakika, iwashe. Wapo wanaoandika namba hiyo kwenye printa yenyewe bila kuigusa ruta. Hatushauri: ruta haitakuwa na habari, na siku moja itampa mwingine namba ileile, vigombane.

Sasa rudi "Ports", bonyeza "Add Port", chagua "Standard TCP/IP Port", andika namba mpya. Ikiwa inaitika lakini bado imeandikwa "Offline", ingia "Configure Port" uondoe tiki ya "SNMP Status Enabled". SNMP ni ulizo ambalo Windows huipelekea printa kujua hali yake; printa nyingine ndogo hazilijibu, na Windows hudhani zimezimwa.

Namba kwenye ripoti ikianza na 169.254, tatizo ni jingine: printa haikupewa namba na ruta, ikajipa yenyewe. Hutokea sana printa inapowaka kabla ruta haijawa tayari. Umeme ukirudi, iache ruta dakika 2 ndipo uwashe printa.

SWALI: Tumebadilisha ruta. Simu zote zinauona mtandao mpya, printa haiuoni kabisa.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Printa nyingi za nyumbani hupokea mawimbi ya GHz 2.4 tu, simu hupokea na ya 5. Ingia kwenye ruta uhakikishe 2.4 imewashwa, ikibidi uipe jina lake. Ikiuona mtandao lakini inakataa nywila iliyo sahihi, shuku WPA3, aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi. Weka WPA2, au mchanganyiko wa zote mbili. Usiiunge kwenye mtandao wa wageni, kwani huko ruta huzuia vifaa kuonana.

Kama bado unakumbuka jina na nywila ya mtandao wa zamani, kuna njia ya mkato: mpe ruta mpya vilevile, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Printa, televisheni na vinginevyo vitaingia vyenyewe.