HHKB au Keychron? Piga hesabu mpaka ifike Dar

Mkuu umeuliza kuhusu kibodi ya kompyuta, ukusanye hela ya HHKB Type-S (Happy Hacking Keyboard, ya Kijapani) au uchukue Keychron Q1 sasa hivi, na ukagusia oda za pamoja. HHKB nimeitumia muda ofisini, ilikuwa ya bosi, nyumbani nina Keychron V1, kwa hiyo ntakwambia ninachokijua.

Bei ya kwenye tovuti isikudanganye. HHKB ni zaidi ya dola 300, Q1 haifiki 200, ukiishia hapo unaona kazi imeisha. Sasa Q1 ni bodi la alumini, ina kilo moja na nusu na ushee, wakati HHKB ni nusu kilo na kidogo tu, na sie huku wakala wa kago wa ndege anakuchaji kwa kilo, ukija kuweka na VAT ya 18% ule unafuu wa Q1 unaanza kuliwa. Hauishi wote ila unaliwa. Ndo maana mi nilichukua V1, ni plastiki, nyepesi, na bado unapanga vitufe kwa programu ya VIA na swichi, kile kidude cha chini ya kila kitufe, unachomoa mwenyewe kama Q1. Mlio wa alumini ni mtamu sikatai, lakini unalipia chuma kusafiri angani aisee.

Halafu kitu ambacho watu hawaulizi ni spea. Dogo wangu alimwaga soda kwenye V1, upande wa kulia wote ukawa unanata, nikachomoa swichi zilizoloa nikachomeka nyingine za kampuni ya Gateron nilizoagiza na mzigo wa mshkaji, bila kuchomelea chochote. Swichi za aina ya MX, zilizoanzishwa na kampuni ya Cherry, ziko kibao tangu hataza yake iishe muda, Gateron, Kailh na wengine wanatoa, kwa hiyo hukosi. HHKB Type-S ndani ni mfumo wa Topre, mpira na springi, hamna swichi ya kuchomoa, hata vifuniko vya vitufe vya MX haviingii, soda ikiingia mle unatafuta fundi na spea ambayo hapa Dar sijaiona. Kuchapia lakini ni raha sana, laini, kimya, mpaka leo naikumbuka, ila ile ya mpangilio wa Kiingereza haina vitufe vya mishale na Control imekaa kwenye Caps Lock, kama unashinda kwenye Excel utatukana.

Kuhusu zile oda za pamoja ulizotaja, watu wengi mnaagiza kwa mkupuo mmoja, unalipa hela yote halafu kiwanda ndo kinaanza kupanga foleni, vifuniko vya vitufe vya kampuni ya GMK ya Ujerumani kipindi cha 2021 watu walisubiri zaidi ya mwaka, na kuna wauzaji walifunga duka hela za watu zikiwa ndani. Kwa mtu anayetaka kibodi ya kufanyia kazi hiyo usiiguse, chukua iliyopo stoku.

Mi ningekuwa wewe nachukua V1, au Q1 ya waya kama alumini imekukaa rohoni, ile Q1 Pro isiyo na waya ina betri ya lithiamu na mawakala wengi mzigo wa betri wanautenga na bei yake. HHKB nunua tu kama una ndugu anarudi toka Japani aibebe kwenye begi, na mwambie asome boksi vizuri kabla ya kulipa, kule wanauza ya mpangilio wa Kiingereza na ya Kijapani.