TV ya inchi 55, ila uliza kioo kwanza
Ukiwa unachagua kati ya TV ya inchi 43 na ya 55, chukua ya 55, hata kama ile ya 43 ina maneno mengi zaidi kwenye boksi. Kochi likiwa mita 2.5 kutoka kwenye TV, 43 ni ndogo kwa filamu. Kanuni inayotumika sana ya umbali wa kukaa ni kipimo cha mshazari cha kioo (kona hadi kona) mara 1.6: inchi 55 ni sentimita 140, kwa hiyo kama mita 2.2, unakaribia kabisa.

Kabla ya kulipa, uliza kioo ni VA au IPS, aina mbili za vioo vya TV. VA kwa kawaida ina kontrasti (tofauti kati ya nyeupe na nyeusi) ya 3000:1 au zaidi, IPS karibu 1000:1. Mchana dukani huoni tofauti hiyo. Zima taa usiku, eneo jeusi la IPS linageuka kijivu. Muuzaji asipojua (wengi hawajui), tafuta namba ya modeli kwenye simu hapo hapo.

Neno HDR (picha yenye mwanga na giza kwa upana zaidi) kwenye TV za bei ya chini lisikuongezee gharama, mwanga wake hautoshi kuionyesha. Ila kama kwenu watu hukaa hadi ubavuni mwa TV, VA hupauka ukiitazama kwa pembeni, hapo IPS itawafaa.