Maswali ya Wasomaji: Kukutana na Msanii Uliyemjua Kupitia Simu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na ninaishi Mbagala. Kwa muda mrefu nimekuwa nikifuatilia Instagram kazi za mchoraji mmoja wa kike ambaye huchora kwa rangi za maji majengo ya zamani ya Kariakoo na Upanga. Sikuwahi kusomea uchoraji. Ninachokijua nimekipata kwa kutazama video zake na kuiga michoro yake usiku, watoto wakishalala. Sasa anaonyesha kazi zake Nafasi Art Space, Mikocheni, naye mwenyewe atakuwapo. Ninatamani sana kumwona, lakini ninaogopa kumsumbua au kukosa la kusema. Je, niende? Nibebe michoro yangu? Na nimwambie kwamba nimekuwa nikimwiga? — Mwalimu, Mbagala

JIBU: Mwalimu, nenda. Msanii anayeweka kazi zake mtandaoni huona idadi ya watu walioipenda picha, lakini haoni mikono iliyoanza kuchora kwa sababu yake. Habari hiyo unayo wewe, na usipomfikishia hatakuja kuijua.

Hata hivyo, liko jambo la kulitambua kabla hujatoka nyumbani. Mwaka 1956, televisheni ilipokuwa ingali ngeni, watafiti Donald Horton na R. Richard Wohl waliandika nchini Marekani kuhusu mtazamaji anayejihisi kuwa na urafiki na mtangazaji ambaye hamfahamu hata kidogo. Simu imeuzidisha ukaribu huo: umeizoea sauti yake, unaijua meza yake na kikombe anachosuuzia brashi, ilhali yeye atakuwa anakuona kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo mwamkie kama mgeni anavyomwamkia mwenyeji, shikamoo ikiwa amekuzidi umri, au habari za leo, Dada, kama mnalingana, kisha utaje jina lako na shughuli yako. Habari za familia yake usizianzishe wewe, hata kama aliwahi kuzigusia katika video.

La kusema unalo tayari. Sifa za jumla huzisikia kila siku, na hazimwachii jibu zaidi ya asante. Mtajie mchoro mmoja tu, umweleze ulikufundisha nini, kisha umuulize swali la kifundi. Katika rangi za maji, weupe wa ukuta uliopigwa na jua kwa kawaida ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa, na mchoraji hulazimika kuamua pa kuuacha kabla hajalowesha brashi. Muulize aliamuaje. Muulize pia anafanyaje wakati wa masika, ambapo unyevu wa Dar es Salaam huichelewesha karatasi kukauka na rangi ya anga ikateremkia kwenye paa. Maswali ya namna hiyo ndiyo wachoraji huulizana wao kwa wao, na kwa maoni yangu yatampendeza kuliko ombi la kupiga picha ya pamoja, ingawa hilo nalo si kosa ukiliomba mwishoni.

Kuhusu kuiga, mwambie waziwazi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, vijana wachache, wengi wao jamaa zake, walijifunza kwa kutazama mkono wake na kurudia alichofanya; alipofariki mwaka 1972, wao ndio walioendeleza mtindo unaobeba jina lake hadi leo. Nawe umejifunza kwa njia hiyohiyo, isipokuwa fundi wako hakujua kwamba unamtazama. Mpaka uko kwingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi ya mchoraji, kwa hiyo mchoro ulionakili kwake usiuuze wala usiutie saini kana kwamba umeubuni wewe, na ukitaka kuuweka mtandaoni, mwombe ruhusa kwanza.

Beba daftari lako dogo, lakini libaki mkobani mpaka akuulize. Siku hiyo ana wageni wengi, wengine wamekuja kununua, na mtu anayemshikisha kazi zake katikati ya watu anamdai hukumu ambayo hana nafasi ya kuitoa kwa haki. Ukiyahitaji maoni yake, uliza kama anafundisha na ada yake ni kiasi gani, kwa maana kukagua mchoro wa mwingine nako ni kazi.

SWALI: Nilikutana na mpiga picha ambaye kazi zake za mtandaoni ndizo zilizonifanya ninunue kamera. Alinijibu kwa maneno mawili, akageuka. Tangu hapo siwezi kuzitazama picha zake. Nifanye nini? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Umeumia kwa sababu ulikwenda na shukrani ya kweli. Lakini usimpime kwa dakika ile moja, kwani wako wasanii waliochagua kazi ya upweke kwa kuwa umati huwachosha. Zipumzishe picha zake kwa muda bila kumwandikia maneno makali, huku wewe ukiendelea na kamera yako. Na kama lipo swali la kifundi ulilotaka kumuuliza, mtumie kwa ujumbe mfupi. Wengi wanaoshindwa kuzungumza mbele ya watu hujibu vizuri kwa maandishi.