Macho yanamwaga machozi, iweje niambiwe ni makavu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Makambako, nina miaka 46. Tangu upepo wa kipupwe uanze, nikitoka nje machozi yananitiririka, na jioni macho yanakereketa kama yameingia mchanga. Duka la dawa walinipa matone, nikapata nafuu, kisha hali ikarudi. Nimeyanunua tena na tena. Juzi kliniki nimeambiwa nina macho makavu. Inawezekanaje? Na kuna kipimo, au nimekisiwa tu?

JIBU: Marahaba. Inawezekana sana, na wengi wanaoambiwa hivyo huondoka kliniki wakiamini daktari hajui kazi yake.

Machozi si maji matupu. Chini kabisa, pale yanaposhikana na jicho, kuna ute. Maji yenyewe hutoka hasa kwenye tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje. Juu ya maji kuna mafuta, nayo hutoka kwenye tezi ndogondogo zilizojipanga ndani ya kingo za kope. Mafuta hayo hutanda kama yanavyotanda juu ya mchuzi, yakazuia maji yasikauke upesi. Tezi hizo zikiziba, maji hukauka kabla hujapepesa tena. Konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, hubaki wazi, neva zake hulalamika, na tezi kubwa hujibu kwa kumwaga maji kwa wingi. Maji hayo ya ghafla hayakai jichoni, yanaishia shavuni. Ndiyo unayoyafuta kwa leso ukipigwa na upepo. Cherehani nayo inachangia, kwa sababu mtu anayekodolea sindano hupepesa kwa nadra.

Vipimo vipo. Tunatia rangi ya fluoresini, tunakuangalia kwa darubini yenye mwanga wa buluu huku umezuia kupepesa, tunahesabu. Rangi ikianza kukatika na kuacha mabaka meusi kabla ya sekunde 10, machozi yako hayatulii. Kingine ni karatasi ya Schirmer, daktari wa Ujerumani aliyeieleza mwaka 1903: kipande chenye upana wa milimita 5 hukunjwa ncha na kupachikwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5. Kikilowa chini ya milimita 5, maji ni haba. Lakini sikiliza hapa: mwenye upungufu wa mafuta, kama ninavyokudhania wewe, karatasi yake inaweza kulowa vizuri tu. Kwa hiyo anayepima kwa karatasi peke yake akasema huna tatizo, hajamaliza kazi. Lazima aminye kingo za kope aone mafuta yanayotoka ni maangavu, ni mazito na meupe, au hayatoki kabisa. Kama hukufanyiwa lolote kati ya haya, rudi uombe.

Tiba yenyewe haina makuu: kitambaa cha maji ya moto kiasi juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10 kila siku, kisha kukanda kope taratibu kuelekea kwenye ukingo, machozi bandia, na miwani ya kukinga upepo. Ukiwa pia na kinywa kikavu na maungo yanayouma, mweleze daktari, kuna ugonjwa wa mwili mzima unaoanza hivyo.

Sasa hayo matone yako. Dawa inayong'arisha jicho jekundu upesi hivyo, mara nyingi ina steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na wekundu, ndani yake, imechanganywa na antibiotiki. Inauzwa kama maji ya chupa, bila cheti, na muuzaji hajawahi kuliona jicho lako kwa darubini. Steroidi ikitumiwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya macho bila maumivu yoyote, mshipa wa fahamu ukafa polepole, na uoni uliopotea hivyo haurudi. Huleta pia mtoto wa jicho. Na huku kwetu, msimu wa kuvuna mahindi, mtu hukwanguliwa jicho na jani kavu, fangasi wakaingia kwenye konea. Huyo akitiwa steroidi, wekundu unapungua naye anashukuru, huku kidonda kinachimba chini kwa chini. Anafika kwetu konea imeshatoboka. Wengine wameanza na maji ya majani yaliyotwangwa au maziwa ya mama, ndipo wakaenda dukani, ndipo hospitali. Inaniuma sana, kwa sababu wengi wao walikuja na jicho ambalo wiki mbili nyuma lingepona.

Soma kichupa ulicho nacho. Ukiona jina linaloanza na "dexa", "betametha" au "predni", usinunue kingine. Nenda kliniki ya macho wiki hii, ukiwa nacho mkononi, upimwe presha ya macho kabla ya jambo lingine lolote.