Unyevu unaopanda ukutani baada ya lipu ya simenti: nilivyopima na kupiga hesabu

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini unyevu kwenye nyumba yenu ya mawe hapo Mji Mkongwe ulikuwa unaishia magotini, na tangu fundi apige lipu ya simenti na rangi ya mafuta ndani na nje umefika kiunoni. Umeuliza pia kama kuna hesabu ya kukadiria utaishia wapi. Ipo. Niliitumia kwenye nyumba ya bibi yangu, mawe ya matumbawe kwa udongo na chokaa, ukuta unene wa nusu mita, na yaliyokukuta ndiyo yaliyotukuta.

Mwanzoni nilishika fomula ya shule, ile ya mrija: mrija ukiwa mwembamba zaidi, maji yanapanda juu zaidi. Wenye nusu kipenyo cha milimita 0.1 hupandisha maji karibu sentimita 15, na wa milimita 0.01 hupandisha mita moja na nusu. Vitundu vingi vya chokaa ni vyembamba kuliko hapo, kwa hiyo karatasi yangu ikasema maji yafike darini. Mbona hayafiki? Kwa sababu fomula ile haihesabu yanayopotea njiani, na ukuta unakauka usiku na mchana.

Inayotakiwa ni hesabu ya kasi. Lucas mwaka 1918, na Washburn mwaka 1921, walionyesha kuwa umbali ambao maji yanasafiri kwenye vitundu unafuata kipeuo cha pili cha muda. Ukitaka yafike mara mbili ya hapo, subiri mara nne. Chovya utambi mpya wa kibatari kwenye mafuta ya taa uangalie: sehemu ya chini inalowa papo hapo, ya juu utaisubiri. Nguvu ya kuvuta ni ileile, ila njia inarefuka na msuguano unaongezeka.

Jipimie mwenyewe, utaelewa zaidi ya maelezo yoyote. Nilichukua tofali la kuchoma lililokaushwa vizuri, nikalilaza kwenye sinia juu ya misumari miwili, maji yakigusa milimita chache tu za chini. Kila nikilitoa nalifuta tako kwa kitambaa chenye unyevu, naliweka kwenye mizani ya jikoni. Nilipima dakika ya 1, 4, 9, 16 na 25, maana vipeuo vyake ni 1, 2, 3, 4 na 5. Uzito uliongezeka gramu 50, 97, 146, 193, 240. Tazama hatua zinavyolingana, kama gramu 48 kila moja! Gawa kwa eneo la chini, sentimita za mraba 242, unapata karibu milimita 2 za maji kwa kila kipeuo cha dakika. Hiyo ndiyo nguvu ya kunyonya ya tofali lile. Vipande vya ukuta wa bibi vilitofautiana sana, nikachukua wastani wa milimita 0.5.

Sasa ukuta wenyewe. Unyevu unasimama pale ambapo maji yanayoingia chini yanalingana na yanayokauka kwenye nyuso zote mbili. Kimo ni nguvu ya kunyonya mara kipeuo cha pili cha hiki: unene wa ukuta, ugawe kwa mara nne ya kasi ya kukauka ya upande mmoja, ugawe tena kwa sehemu ya ukuta inayojaa maji. Niliweka unene milimita 500, ukaukaji milimita 0.001 kwa dakika, na ujazo 0.2. Jibu likaja sentimita 40, na alama ya zamani ukutani ilikuwa 45. Kwa ukuta wa mawe yasiyofanana hata kidogo, nilifurahi sana.

Hapo ndipo simenti na rangi ya mafuta zinapoumiza. Zikipunguza ukaukaji hadi robo, kimo kinakuwa mara mbili, yaani 80. Maji hayakuongezeka chini ya nyumba yenu, ila mlango wa kutokea umefungwa.

Kwa hiyo usikubali kuongezewa simenti yenye dawa. Sisi tulibandua lipu yote ya simenti hadi juu ya alama ya unyevu, ndani na nje, tukapiga ya chokaa na kupaka chokaa tupu. Udongo wa nje uliokuwa umelundikana ukutani tuliushusha, na mchanga wa ufukweni tuliukataa kabisa kwa sababu ya chumvi. Miezi ya kwanza ukuta utatoa unga mweupe. Ni chumvi iliyokuwa ndani inatoka na maji, usiogope. Ufagie mkavu, ukautupe mbali. Usiuoshe, maji yataurudisha ndani.