Muulize Mjomba: Leseni yangu haina nyota, nitapanda ndege?

*Kaka, habari za kazi? Mimi ni mama wa Kikongo, niko hapa Dayton, Ohio. Kijana wangu wa Phoenix anaoa mwezi ujao na amenikatia tiketi. Leseni yangu haina ile nyota. Jirani ananiambia siku hizi bila nyota hupiti kwenye ukaguzi, niende BMV nikaombe leseni nyingine. Lakini bili zote za nyumba zina jina la mume wangu, na cheti cha ndoa kilibaki Uvira tulipokimbia. Grini kadi ninayo, haijaisha muda. Nifanyeje?*
*Mama wa bwana harusi*

Dada yangu, hongera kwa kupata mkwe. BMV usiende. Weka grini kadi kwenye mkoba wa mkononi, mahali utakapoifikia bila kupekua, nayo peke yake inakutosha.

Jirani yako hajakudanganya, ila amesikia habari nusu. Sheria ya REAL ID ilipitishwa mwaka 2005, baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Ikaahirishwa tena na tena, hadi sisi tunaosukuma viti vya magurudumu uwanja wa ndege tukawa hatuamini tarehe yoyote inayotangazwa. Mwishowe ikaanza kutumika kwenye ukaguzi tarehe 7 Mei 2025. Inachodai ni kwamba ukimwonyesha ofisa wa TSA, wale wakaguzi wa usalama wa abiria, leseni au kitambulisho cha jimbo, kiwe kile chenye nyota kwenye kona ya juu. California wao wameiweka nyota ndani ya dubu. Sharti la nyota ni la kadi za majimbo tu. Pasipoti ya Marekani haihitaji nyota, wala grini kadi, wala kadi ya kazi inayotolewa na uhamiaji. Hata pasipoti ya Kongo, Kenya au Tanzania inapokelewa.

Nionavyo mimi, nyota ilipigiwa tarumbeta kuliko orodha yenyewe ya vitambulisho vinavyokubalika. Kila wiki nakutana na wazee wa kwetu wamekaa pembeni wamejiinamia, leseni mkononi, na grini kadi imelala chini ya mkoba. Wameambiwa kitu cha kuonyesha ni leseni, basi.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni tiketi aliyokata kijana. Mwambie akutumie picha ya hiyo tiketi leo. Watoto wetu hukata tiketi kwa simu, usiku, wakiandika jina ambalo mama anaitwa nyumbani au kanisani. Shirika la ndege linatakiwa kuipa serikali jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na jinsia, na vyote vifanane na kadi utakayoonyesha. Jina la kati likiwa limefupishwa kwa herufi moja, kwa kawaida hakuna neno. Majina yakigeuzwa, la ukoo likakaa mahali pa la kwanza, au likaandikwa jina ambalo kwenye kadi halipo kabisa, unaweza kurudishwa kaunta ya shirika huku saa inakimbia. Sisi wenye majina matatu manne, yaliyopangwa na karani wa kambi alivyoona yeye, tujihadhari mara mbili.

Halafu tarehe ya kuzaliwa. Unajua mwenyewe ni wangapi kati yetu tuliandikiwa 1 Januari kule kambini. Kijana mwenye mapenzi na mama yake ataandika siku aliyozaliwa kweli, ile anayokupigia simu kukuimbia. Kwa safari hii aandike ya kwenye kadi.

Pakiwa na kosa, apige simu kwa shirika mapema, asingoje siku ya safari. Na kwa wengine mnaosoma hapa: tiketi ukiinunua kwa shirika lenyewe, siku saba au zaidi kabla ya kuruka, sheria ya Marekani inakupa saa 24 za kuibatilisha, au kuishikilia bila kuilipia, pasipo kukatwa. Saa hizo ndizo za kukagua majina, herufi kwa herufi.

Mlangoni, ofisa ataingiza kadi kwenye mashine na huenda kamera ikataka kukupiga picha. Picha unaruhusiwa kuikataa, atakulinganisha na kadi kwa macho. Ukitaka kufunga kilemba, kifunge, ila ujue wanaweza kukipapasa, na una haki ya kuomba ofisa mwanamke. Kama Kiingereza kinakupa shida, anayekusindikiza aulize kaunta ya shirika kama watampa pasi ya kuingia nawe hadi mlango wa ndege. Si lazima wampe, lakini mara nyingi wanampa, na yeye pia atahitaji kitambulisho kinachokubalika. Mawese ya harusi yaende kwenye sanduku la kukabidhi. Mkononi kimiminika hakizidi mililita 100 kwa chupa, na mawese ya mililita 100 ni ya kumchokoza mtu tu.

*Shikamoo Mjomba. Nasoma Minneapolis. Nimepoteza pochi ikiwa na leseni, na pasipoti yangu ya Tanzania iko ubalozini kubadilishwa. Jumapili nasafiri kwenda Seattle. Nina picha ya leseni kwenye simu na kitambulisho cha chuo. Nitapita?*
*Mwanafunzi asiye na pochi*

Marahaba, mpwa wangu. Kwa hivyo ulivyovitaja, hapana. Picha ya leseni kwenye simu ni picha tu. Leseni ya kidijitali ambayo baadhi ya majimbo yanaitoa rasmi ni kitu kingine, usichanganye. Kitambulisho cha chuo hakimo kwenye orodha, na karatasi ya muda utakayopewa ukiomba leseni mpya haikubaliki pia.

Pekua vizuri kabla hujakata tamaa. Umewahi kupewa kadi ya kazi? Una leseni ya zamani yenye nyota, iliyoisha muda? TSA inapokea kadi za kwenye orodha yake hadi miaka miwili baada ya kuisha.

Ukikosa vyote, kuna mlango mmoja mwembamba. Tangu 1 Februari 2026 asiye na kitambulisho kinachokubalika analipa dola 45 kwa huduma inayoitwa ConfirmID, TSA ijaribu kuhakiki kuwa yeye ndiye yeye. Malipo hayo yanahudumia siku 10, kwa hiyo ukirudi ndani ya muda huo hulipi tena. Lipia mapema kwenye pay.gov, tovuti ya serikali, uje na risiti. Tovuti yoyote nyingine inayokuomba hizo dola usiiguse. Na uelewe unanunua nini: unalipia kujaribiwa, hulipii kupita. Wakishindwa kukuhakiki, huingii, na Seattle utaisikia redioni.

Kama safari si ya msiba wala usaili, ningeisogeza mbele hadi pasipoti irudi.

*Mjomba, mimi na mume wangu tumeomba hifadhi, kesi bado iko mezani. Tuko Portland, Maine. Tuna kadi za kazi. Watoto ni wawili, wa miaka tisa na wa miezi kumi. Tunataka kwenda kwa dada yangu Texas.*
*Mama wa wawili*

Mwanangu, kadi zenu za kazi zinakubalika kwenye ukaguzi. Watoto walio chini ya miaka 18 TSA haiwadai kitambulisho kwa safari za ndani ya nchi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa cha huyo mdogo, maana akisafiri mapajani, shirika linaweza kutaka uthibitisho kwamba hajafika miaka miwili.

Kupita ukaguzi ni jambo moja, kesi yenu ni jambo jingine. Kama kuna tarehe ya mahakama mliyoikosa, au amri yoyote ya kuondolewa nchini, ongeeni na wakili kabla ya kukata tiketi. Siwatishi, ila hilo halitatuliwi na kadi.

Na angalieni njia. Kutoka huko kaskazini, ukitafuta bei rahisi mtandaoni, unaweza kuletewa tiketi inayobadilisha ndege Montreal au Toronto, huko Kanada. Macho yanaona Maine kwenda Texas, kumbe umetoka Marekani. Mwomba hifadhi akitoka bila kibali cha kurudi alichopewa kabla, huhesabiwa ameliacha ombi lake. Chagueni ya kupitia Philadelphia, Charlotte au Chicago, hata ikizidi dola mia.