Toleo, distro au usambazaji?

Swali: Nilimwuliza rafiki yangu anayetumia Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta), "Niweke toleo gani?" Akanijibu, "24.04." Kumbe mimi nilitaka kujua kama niweke Ubuntu, Debian au Fedora, yaani aina ipi ya Linux. Je, nilikosea neno? Na mbona wengine huziita aina hizo "usambazaji"?

Jibu: Rafiki yako alijibu sawasawa kile ulichouliza. Neno toleo limetokana na kitenzi toa, kwa kupitia tolea, na wachapishaji hulitumia kuhesabia mara: toleo la kwanza la kamusi, toleo la pili, toleo la Machi la jarida. Kitu ni kilekile, ila kimetolewa tena. Ubuntu 24.04 ni toleo kwa maana hiyohiyo. Hata namba yake ni tarehe: mwaka 2024, mwezi wa 4. Kabla yake kulikuwa na 22.04, maana matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili.

Sasa, Fedora ni toleo la nini? Si la Debian. Debian ilianza mwaka 1993, Fedora mwaka 2003, na kila moja ina waandaaji wake, ratiba yake na namna yake ya kusakinisha vifurushi vya programu. Ubuntu ya mwaka 2004 ilijengwa juu ya Debian, lakini nayo ikashika njia yake. Zote zinatumia kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, na hapo ndipo "toleo la Linux" linapozidi kutatiza, kwa sababu kerneli yenyewe ina matoleo yake. Debian 12 ilitoka na kerneli 6.1. Ukiiita Debian toleo, hiyo 12 utaiita nini? Toleo la toleo?

Kuhusu usambazaji, nawaelewa waliolichagua kutafsiri neno la Kiingereza distribution, lakini silipendi hapa. Majina yanayoanza na u- na kuishia na -ji hutaja tendo lenyewe: utangazaji, uagizaji, usambazaji. Tendo halihesabiki, huwezi kusema "nimejaribu usambazaji tatu" bila sikio kukataa. Kiswahili kina njia nyingine ya kutaja kile kinachopatikana baada ya tendo: tangaza hutupa tangazo, agiza hutupa agizo, pendekeza hutupa pendekezo. Kwa njia hiyo sambaza hutupa sambazo, wingi masambazo. Sarufi inaliruhusu kabisa, na ningefurahi kuliona likikubalika. Kwa sasa, ukiliandika, lifafanue mara ya kwanza, kwani wasomaji wengi hawajalizoea.

Katika mazungumzo tumia distro, kifupi cha distribution, neno ambalo watumiaji wa Linux wanalo tayari. Liweke katika ngeli ya I-ZI: distro hii, distro hizi. Hakuna haja ya kuunda "madistro". Kwa msomaji asiyejua lolote kuhusu kompyuta, "aina ya Linux" inatosha.

Umeona nimeandika "Ubuntu ilijengwa". Neno lenyewe ni la lugha za Kinguni kama Kizulu na Kixhosa, na ni ndugu wa utu wetu, kwa hiyo wengine huvutwa kusema "Ubuntu umetoka". Tukizungumzia ubuntu kama fikra, huo upatanisho unafaa. Tukizungumzia programu, jina hufuata I-ZI kama Debian na Fedora.

Limebaki neno gani, ambalo hukuliuliza, ingawa katika swali lako lina uzito kuliko unavyodhani. Gani huulizia sifa au jinsi ya kitu. -Pi humtaka mtu achague kimoja katika vinavyojulikana. Ulikuwa tayari na majina matatu kichwani, kwa hiyo ulihitaji -pi: "Kati ya Ubuntu, Debian na Fedora, niweke distro ipi?" Akishakujibu, ndipo toleo linapopata nafasi yake: "Na toleo lake lipi?" Usipokuwa na jina hata moja, anza na gani: "Distro gani inafaa kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo?" Hapo atakueleza sifa kwanza, kisha majina.